Waulize Mafundi: Laptopu hii ya ofisi ni ya nani?

Barua nyingi za safari hii zina jambo moja: kuingiza laptopu za kazi kwenye mfumo unaozisimamia kutoka mbali. Wengi wenu mnatumia Intune ya Microsoft, kwa hiyo majibu mengi yanaihusu hiyo. Wa Mac mtajiona huko chini. Tukizisoma barua hizi kwa pamoja, wachache sana wamekwama kwa sababu ya vitufe. Wengi wamesajili mashine kabla ya kuamua ni mali ya nani: ya ofisi, ya mfanyakazi, au bado iko mikononi mwa mwenye nayo wa zamani bila wao kujua.

Swali: Shirika letu lina laptopu 40. Nyingine tulinunua Kariakoo moja moja, nyingine zimeachwa na mradi uliokwisha. Barua pepe zetu ziko Microsoft 365. Mfadhili anataka zote ziwe ndani ya Intune kabla ya ukaguzi. Tuanzie wapi? — Afisa TEHAMA, Morogoro

Jibu: Anzeni na jedwali la safu sita: serial namba, aina ya Windows, toleo lake, chipu ya usalama ya TPM, nani anaitumia, nani aliinunua. Serial namba iko chini ya mashine. Stika ikiwa imefutika, fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_BIOS. Kujua aina na toleo la Windows, andika winver. Kwa TPM, andika tpm.msc. Kazi hii ya siku mbili itawaokolea wiki mbili.

Kwenye jedwali mtakuta mambo matatu ya kumaliza kwanza. La kwanza ni Windows Home. Laptopu za dukani nyingi huja nayo, na Home haiungi na Entra, yaani daftari la watumiaji wa Microsoft 365 ambalo hadi 2023 liliitwa Azure AD. Home itakubali kusajiliwa kama kifaa binafsi tu, na hilo silo mnalotaka. Nunueni leseni ya kupandisha hadi Pro. Inaingizwa kwenye Settings, System, kisha Activation, na mafaili hayaguswi. Funguo za Pro zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya soda achaneni nazo, hasa ninyi wenye mkaguzi mlangoni. Msidhani pia kwamba leseni ya Microsoft 365 itaipandisha Home kuwa Pro. Haifanyi hivyo.

La pili ni leseni zenyewe. Business Basic na Business Standard hazina Intune. Business Premium inayo, na ukomo wake ni watumiaji 300. Leseni hufuata mtu, haifuati mashine: mkiwa na watu 25 na laptopu 40, hesabu yenu ni leseni 25.

La tatu ni umri. Windows 10 iliacha kupata sasisho za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu isiyoweza kubeba Windows 11 (haina TPM 2.0, au prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft) iandikeni kwenye bajeti ya kubadilisha. Kuisajili ni kuandikisha mgonjwa ambaye dawa yake ya kawaida haipo tena.

Sasa usajili. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya mkono: Settings, Accounts, Access work or school, bofya Connect. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Dirisha likifunguka, kisanduku cha barua pepe kiko katikati na kinakuita ukijaze. Usikijaze. Shuka chini ya dirisha hadi kwenye maandishi madogo yasemayo "Join this device to Microsoft Entra ID", bofya hapo, ndipo uweke anwani ya kazi. Ukijaza kile kisanduku cha katikati, mashine inaandikwa kuwa ya mtu binafsi, na miezi sita baadaye mtajiuliza kwa nini nusu ya laptopu za ofisi zinaitwa "Personal" kwenye orodha. Kuthibitisha, andika dsregcmd /status kwenye Command Prompt. Unataka kuona AzureAdJoined : YES. Ukiona NO, na chini zaidi WorkplaceJoined : YES, umepita mlango usio wenyewe.

Njia ya pili ni Autopilot, na kwa mali ya ofisi ndiyo tunayoipendekeza japo ina kazi zaidi. Unachukua alama ya vifaa vya kila mashine, mstari mrefu wa karibu herufi 4,000, unaipandisha Intune, kisha unaifuta mashine na kuiacha ijisajili yenyewe inapowashwa. Fungua PowerShell kama msimamizi, uandike amri hizi kwa mpangilio huu:

Set-ExecutionPolicy -Scope Process -ExecutionPolicy RemoteSigned
Install-Script -Name Get-WindowsAutopilotInfo
Get-WindowsAutopilotInfo -OutputFile D:\orodha.csv -Append

D: ni flashi yako. Neno -Append linaongeza mashine mpya chini ya zilizotangulia, hivyo laptopu zote 40 zitakaa kwenye faili moja. Intune inapokea hadi mistari 500 kwa faili. Usilifungue faili hilo kwa Excel ukalihifadhi, maana Excel hulivuruga na Intune italikataa. Ukitaka kulichungulia, tumia Notepad. Baada ya kupandisha, subiri. Kuingiza kunaweza kuchukua dakika 15, na baada ya hapo wasifu wa Autopilot (profile, yaani mipangilio ya kuiandaa mashine) lazima uonyeshe "Assigned" mbele ya kila mashine. Ukiifuta laptopu kabla ya neno hilo kutokea, itawaka kama kompyuta ya kawaida ya nyumbani na utairudia kazi yote.

Faida ya Autopilot ambayo wengi hawaioni mapema ni hii: kwa njia ya mkono, anayeunganisha mashine anakuwa msimamizi wake. Ukimwachia kila mfanyakazi aunganishe yake, umewapa watu 25 uwezo wa kusakinisha chochote. Fundi akiziunganisha zote kwa akaunti yake, yeye ndiye mmiliki kwenye kumbukumbu, na akifikisha vifaa 50, kikomo cha kawaida cha Entra kwa mtu mmoja, mfumo utamgomea. Kwenye wasifu wa Autopilot unachagua mtumiaji awe "Standard", na mambo yanaisha hapo.

Msiwashe usajili kwa wote siku moja. Kwenye Intune nendeni Devices, Enrollment, Automatic Enrollment, na MDM user scope iwekeni "Some" na kikundi cha watu watatu: mmoja wa ofisini, mmoja wa uhasibu, mmoja anayeshinda safarini. Huyu wa tatu ndiye atakayewaonyesha matatizo ya kweli.

Swali: Kila nikijaribu kuunganisha laptop mpya ya ofisi napata "Something went wrong" na namba 80180014, eti organization haisapoti hii version ya Windows. Ni Windows 11 Pro, mpya kabisa! — Msomaji, Nakuru

Jibu: Windows yako haina kosa, ujumbe huo umewapoteza wengi. Namba 80180014 maana yake ni kwamba kuna mtu kwenye idara yenu amefunga mlango kwenye Enrollment restrictions, mara nyingi kwa kuzuia vifaa binafsi. Alidhani anazuia laptopu za watu za nyumbani. Lakini kizuizi hicho kinakataa pia mashine unayoiunganisha kwa mkono kupitia Settings au wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, hata kama risiti yake ina jina la kampuni. Intune haisomi risiti. Kizuizi hicho kikiwapo, inaipokea mashine kuwa ya kampuni ikiwa imesajiliwa Autopilot, au ikiwa mmeiorodhesha mapema kwenye Corporate device identifiers kwa mtengenezaji, modeli na serial namba, vyote vitatu vikiandikwa vilevile mashine inavyojitaja. Fanyeni mojawapo. Kufungua kizuizi kwa nusu saa ili laptopu moja ipite kunafanya kazi, ila kila tulipoona hivyo kizuizi hakikurudishwa.

Na kwa kuwa tumegusa namba: 80180018 ni leseni, mtumiaji hana au ndiyo kwanza amepewa na haijafika. 801c0003 ni kwamba mtumiaji haruhusiwi kuunganisha vifaa, au amejaza kikomo chake. 8018000a ni mashine ambayo tayari imesajiliwa na akaunti nyingine. Ingia kwa akaunti ile, bofya Disconnect, ndipo uanze upya.

Kuna na kosa lisilo na namba ya kueleweka. Laptopu iliyokaa stoo muda mrefu betri yake ndogo ya saa hufa, tarehe inarudi miaka nyuma, na kuingia kwenye Microsoft kunagoma kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Kabla hujatafuta mchawi, tazama saa kwenye kona ya chini kulia.

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mhasibu wa skuli. Kijana wa kompyuta ameiunganisha laptopu yangu na mfumo wa ofisi, nikaingia kwa barua pepe ya kazi, nikakuta kila kitu kimetoweka! Hesabu za miaka minne hazipo. Yeye anasema nisubiri zitarudi. Zitarudi? — Bi Mhasibu, Unguja

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Hazitarudi zenyewe hata ukisubiri mwaka, lakini hazijapotea. Ulipoingia kwa anwani ya kazi, Windows ilikuhesabu mgeni ikakupa chumba kipya. Vitu vyako vimebaki kwenye chumba cha zamani. Fungua diski C, ingia folda ya Users. Utaona mbili: moja ina jina ulilokuwa ukiingilia zamani, nyingine ni mpya. Ya zamani ikikuambia huna ruhusa, bofya Continue. Ikidai nywila ya msimamizi, muite kijana aiweke.

Jambo la haraka kuliko yote: asiyejua yaliyomo asiifute folda hiyo, wala asifute akaunti ya zamani "kusafisha". Hapo ndipo hesabu zitakapokwenda kweli.

Nakili, usihamishe. Chukua Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Baada ya kila folda, bofya kulia ya zamani, chagua Properties, soma idadi ya mafaili, fanya hivyo kwa mpya, namba zilingane. Kama unatumia Outlook ya kwenye kompyuta, ndani ya Documents kuna folda ya Outlook Files yenye mafaili yanayoishia .pst, nayo ni barua zako za zamani. Alama za tovuti na nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari hazimo humo. Ingia kwa akaunti ya zamani, uzitoe kupitia mipangilio ya kivinjari, na ile orodha ya nywila uifute mara tu utakapoiingiza upande wa pili, maana imeandikwa wazi kila mtu aisome. Programu ya uhasibu inaweza kukuomba leseni upya, nayo ndiyo itakayokuchelewesha, kwa hiyo tafuta ile karatasi ya leseni leo.

Kijana mwambie hivi: kwa laptopu zinazofuata, aanze na OneDrive kwenye akaunti ile ya zamani. Mtumiaji anaingia OneDrive kwa anwani ya kazi bila kuunganisha mashine, Desktop na Documents zinapanda, wingu linaonyesha tiki, ndipo mashine iunganishwe. Nafasi ni terabaiti 1 kwa mtu kwenye leseni nyingi za Business.

Swali: Nilichukua laptop used tano za Dubai kwa ajili ya cyber na ofisi yangu ndogo. Nne safi. Ya tano niliporeset ikaniletea jina la kampuni ya Uingereza na kutaka email yao. Fundi ameformati mara tatu, hata SSD amebadilisha, wapi! — Mfanyabiashara, Mombasa

Jibu: Na aformati mara thelathini, itarudi palepale. Kampuni ile iliisajili mashine kwenye Autopilot na ilipoiuza ikasahau kuiondoa. Usajili huo haukai kwenye diski. Kila Windows mpya inapowashwa na kupata intaneti, inapeleka alama ya vifaa kwa Microsoft na kuuliza, "mimi ni wa nani?" Jibu linarudi na jina la kampuni ile. Alama hiyo imeshikamana zaidi na bodi kuu, ndiyo maana SSD mpya haikusaidia. Kwa sababu hiyohiyo, laptopu iliyobadilishwa bodi kwa fundi inaweza kuamka ikiwa na mwenyewe ambaye hukumjua kabisa, yaani aliyekuwa na ile bodi.

Wa kuifungua ni kampuni hiyo yenyewe. Mpe aliyekuuzia serial namba na picha ya skrini, yeye awafuate waliomuuzia hadi kwenye kampuni; kwao ni kazi ya dakika chache za kufuta mstari mmoja. Wasipojibu, rudisha mashine udai pesa yako. Wapo wanaoahidi "kuruka" skrini hiyo. Usiwape pesa: umiliki haujabadilika, na siku utakapoireset tena utakuwa unaanza moja. Tena huwezi kujua kama iliuzwa au iliibwa.

Ujanja wa wauzaji ni kuiandaa bila intaneti, halafu wakakuonyesha desktop inayong'aa. Kwa hiyo nenda dukani na hotspot yako. Omba ireset mbele yako: Settings, System, Recovery, Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu. Ichomeke chaja, kanywe kahawa, itakula muda. Ikifika skrini za mwanzo, iunganishe na hotspot na uisubiri imalize kutafuta sasisho. Ikikuuliza kama ni ya matumizi binafsi au ya kazi, endelea na bei. Ikitaja jina la kampuni yoyote, funga mkoba. Ingia pia BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, utazame kama kuna nywila, na kama kipengele cha Absolute au Computrace kimeandikwa "Activated". Hicho ni kifuatiliaji kilichomo kwenye mashine yenyewe.

Kwa Mac, kufuli ni la aina hiyohiyo na huitwa "Remote Management". Kama Mac inawaka na una akaunti ya msimamizi, fungua Terminal uandike sudo profiles show -type enrollment ikiwa kwenye intaneti. Ikitoa anwani ya seva na jina la shirika, ina mwenyewe.

Swali: Bosi anataka tuweke barua pepe ya kazi kwenye laptopu zetu binafsi. Nikiweka, ataona ninachofungua mtandaoni? Anaweza kunifutia picha za familia? — Mfanyakazi, Dodoma

Jibu: Intune yenyewe haimwonyeshi msimamizi tovuti unazofungua, barua zako binafsi, picha, nyaraka wala nywila. Inamwonyesha modeli, serial namba, toleo la Windows, jina la kifaa, na kama diski imefungwa kwa usimbaji. Kwa kifaa kilichoandikwa binafsi haikusanyi orodha ya programu zako. Kwa kifaa cha kampuni inakusanya zote. Ila elewa jambo moja ambalo watu wa TEHAMA huliruka: mfumo huu ni bomba. Kupitia hilo, ofisi inaweza kusakinisha programu nyingine inayochuja tovuti au kuchunguza mafaili, na hiyo ina macho yake yenyewe. Na kuhusu kufuta, amri ya Wipe ipo na inafuta kila kitu, picha za familia zikiwemo. Kubofya kusiko makini kunatosha.

Ushauri wetu: laptopu yako isisajiliwe. Soma barua kupitia kivinjari. Ukiingia kwenye Word au Teams na kuulizwa kama unaruhusu shirika kusimamia kifaa chako, ondoa tiki, uchague kuingia kwenye programu hiyo tu. Maneno ya skrini hiyo hubadilika toleo hadi toleo, lakini tiki huwa imeshawekwa tayari, nawe ukibofya OK kwa mazoea umeshajisajili. Kama limeshatokea, nenda Access work or school, fungua akaunti hiyo, bofya Disconnect.

Ofisi ikisisitiza, omba sera ya maandishi inayosema wanakusanya nini na lini wanaweza kufuta. Unayo haki ya kuuliza: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya na Uganda zina zao za mwaka 2019. Au wakununulie laptopu, ambalo ndilo jibu lililonyooka.

Swali: Ofisi zetu za wilayani usajili unafia kwenye ile skrini ya hatua tatu. Dakika 60, kisha wekundu. Intaneti yetu ni modemu ya bando. — Fundi, Kigoma

Jibu: Piga hesabu. Office peke yake ni gigabaiti 2 hadi 3. Chukua 2.5, kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde: karibu saa 3, kama hakuna mwingine anayeitumia. Skrini hiyo, Enrollment Status Page, ina kikomo cha dakika 60 ilivyotoka kiwandani. Haiwezi kufika.

Kwanza, kwenye mipangilio ya skrini hiyo chagua programu chache tu zinazomzuia mtumiaji asiendelee: kinga ya virusi, na VPN kama mnayo. Office iondoe kwenye orodha hiyo. Itashuka taratibu mtu akiwa ameshaanza kazi. Pandisha na kikomo hadi dakika 120 au 180. Pili, usichanganye programu za MSI za kawaida na zile za Win32 (aina mbili za vifurushi vya kusakinisha) kwenye usajili huo. Zinagombania kisakinishi kimoja na mojawapo huanguka kwa kosa lisilosema sababu. Zote zifanye Win32.

Dawa kubwa zaidi ni kuziandaa laptopu makao makuu kabla hazijapanda basi. Huko kwenye intaneti nzuri, washa mashine, na kwenye skrini ya kwanza bonyeza kitufe cha Windows mara 5. Chagua pre-provisioning, iache ishushe programu zote, ikigeuka kijani bofya Reseal. Inajizima. Ikifika wilayani, mtumiaji anamalizia sehemu yake tu, ambayo kwa modemu inavumilika. Inahitaji TPM 2.0 halisi na wasifu wa Autopilot ulioruhusu jambo hilo.

Ikianguka tena, bonyeza Shift na F10 palepale kwenye skrini nyekundu, uandike mdmdiagnosticstool.exe -area Autopilot -cab C:\kumbukumbu.cab, ulinakili faili kwenye flashi kabla hujareset. Ukireset kwanza, ushahidi umeufuta mwenyewe. Na modemu iwe kwenye UPS. Laptopu ina betri, modemu haina.

Swali: Mfanyakazi ameacha kazi. Nimebofya Retire, sasa laptopu haifunguki kwa akaunti yoyote. — Meneja rasilimali watu, Kigali

Jibu: Retire inaondoa vitu vya kampuni na kuacha vya mtu. Inafaa kwa laptopu yake binafsi. Kwa mashine ya ofisi iliyounganishwa na Entra, inakata pia njia ya kuingia, na kama hamkuwa na akaunti ya ndani ya msimamizi mmebaki nje ya nyumba yenu. Kama mliwasha Windows LAPS, kipengele kinachotunza nywila za msimamizi wa ndani, nywila ya akaunti hiyo iko Entra chini ya jina la kifaa. Ichukueni sasa hivi. Kama hamkuiwasha, kilichobaki ni kusakinisha Windows upya, na mafaili yaliyofungwa na BitLocker (kufuli la diski la Windows) yatahitaji ufunguo wake.

Kwa hiyo msikimbilie kufuta kifaa kule Entra. Ukikifuta, ufunguo wa BitLocker uliohifadhiwa pale unakwenda nacho.

Mara nyingine: zuia kwanza akaunti ya aliyeondoka na kukata vikao vyake, pokea laptopu mkononi, nakili ufunguo wa BitLocker, hakikisha mafaili ya kazi yako OneDrive, kisha tumia Wipe. Amri hiyo ikitumwa mashine ikiwa imezimwa, inasubiri hadi itakapopata intaneti. Kama laptopu inauzwa au kutolewa sadaka, baada ya Wipe ifute Intune, kisha iondoe kwenye orodha ya Autopilot, mwisho Entra, kwa mpangilio huo. Msipofanya hivyo mtakuwa ndio kampuni inayolaaniwa na mfanyabiashara wetu wa Mombasa.

Swali: Baada ya sasisho la BIOS laptopu inaonyesha skrini ya bluu na kudai tarakimu 48. — Msomaji, Mwanza

Jibu: Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa BitLocker. Kwa simu, fungua myaccount.microsoft.com kwa akaunti ya kazi, ingia Devices, chagua laptopu hiyo, View BitLocker Keys. Linganisha herufi 8 za kwanza za Key ID na zile za kwenye skrini kabla hujaanza kuandika. Ofisi yenu ikiwa imekizuia kipengele hicho, fundi ataupata Entra au Intune. Sasisho lijalo la BIOS, simamisha BitLocker kwanza kupitia Manage BitLocker, Suspend protection.

Swali: Mac zetu 12 zimeacha kupokea maagizo kutoka Intune tangu juzi. Hatukubadilisha chochote. — Studio ya picha, Nairobi

Jibu: Cheti cha Apple cha kusukuma ujumbe kimeisha. Kinadumu siku 365, na kikiisha kuna siku 30 za kukihuisha. Nenda Devices, Enrollment, Apple, usome tarehe na anwani ya Apple iliyokitengeneza. Lazima mkihuishe kwa anwani hiyohiyo, kwa kitufe cha Renew. Mkitengeneza kipya kwa anwani nyingine, Mac zote 12 zitataka kusajiliwa upya moja moja. Kama anwani ile ilikuwa ya fundi aliyeondoka, mpigieni simu leo.